Jirani Ambaye Hajafika Bado

Mwezi huu twataka kutafakari pamoja nanyi swali moja ambalo zamani lilikuwa la watu wa miji mikubwa tu, lakini sasa limefika hata kwetu Igalula. Swali ni hili: Baraza la halmashauri likikaa kupima shauri la kujenga makao mapya ya watu, ni nani mwenye haki ya kusikilizwa? Je, ni yule akaaye hapo tangu zamani? Au ni yule aliyeleta ramani na fedha? Au ni yule atakayekuja kukaa katika nyumba hizo, ambaye leo hayupo, wala jina lake halijulikani, wala hana mjumbe wa kumsemea?

Labda mtu atasema, "Neno hili ni la wapima ardhi na madiwani, mwalimu wa kanisa ana nini nalo?" Twajibu kwamba ana mengi. Wazee wetu na walimu wetu wengi ni wajumbe katika halmashauri za vijiji, na wengine wamechaguliwa kuwa madiwani. Siku ya kuinua mkono huinua mkono kama wengine, na mkono ulioinuliwa humpa mtu nyumba au humwondoa mtu nyumbani. Tena hata asiye mjumbe ana kinywa katika mkutano mkuu wa kijiji. Basi haifai tufike huko bila kufikiri.

Kwanza na tuangalie hali ilivyo. Igalula imo katika Wilaya ya Uyui, Mkoa wa Tabora, kando ya reli ile iliyojengwa na Wadachi na kufika Tabora mwaka 1912. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wetu ulikuwa na watu 2,291,623; katika hesabu ya mwaka 2022 ulikuwa na watu 3,391,679. Maana yake, kwa miaka kumi tu wameongezeka watu zaidi ya milioni moja. Watu hao hawalali juu ya miti. Kila mmoja ataka mahali pa kutandika mkeka wake, na maji ya kunywa, na njia ya kwenda shambani au kazini. Tena mwezi wa Desemba mwaka 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hata Tabora. Watu wa kando ya reli wajua tangu siku za babu zao ya kuwa chuma hutangulia, na nyumba hufuata.

Nyumba zikija kwa wingi, sheria nayo huja. Mjini, Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yaagiza kwamba halmashauri ikitaka kupanga eneo iwaite wenye ardhi na watu wengine wanaohusika, iwasikilize, ndipo mchoro utengenezwe. Kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaagiza kwamba halmashauri ya kijiji isigawe ardhi kwa shauri lake yenyewe, ila kwa kibali cha mkutano mkuu wa kijiji. Na ardhi ya kijiji ikitakiwa kuondolewa mikononi mwa kijiji kwa ajili ya kazi nyingine, haiondolewi mpaka wapatane kwanza juu ya fidia, ni ya namna gani, ni kiasi gani, na italipwa lini. Haya ni maagizo mema. Lakini sheria yaweza kuwaita watu kikaoni, haiwezi kuwapa moyo wa kusikilizana. Moyo huo twauleta wenyewe, au hatuuleti.

Sasa na tupime haki ya kila mmoja, tukianza na yule aliyepo.

Haki yake ni kubwa. Yeye ndiye aliyekata msitu, akang'oa visiki, akachimba kisima. Baadhi ya wazee huku Unyamwezi hueleza kwamba hata jina la mtemi latokana na neno kutema, yaani kukata, kwa kuwa aliyetangulia kuitema nchi alihesabiwa kuwa na heshima juu yake. Mtu wa namna hii akiambiwa, "Shamba lako limeingia katika ramani, hapa patakuwa barabara na pale patakuwa viwanja," hapotezi mihogo tu. Hupoteza mwembe uliompa kivuli baba yake; hupoteza makaburi; hupoteza watu wa kumwitikia akipiga yowe usiku. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema; na hesabu yake huwa na thamani ya ardhi na ya vitu vilivyo juu yake, na posho ya usumbufu, na ya usafiri, na ya kupanga nyumba, na faida iliyopotea. Ni hesabu njema. Lakini hakuna mthamini awezaye kuandika katika karatasi yake bei ya jirani wa miaka thelathini.

Ndiyo maana habari ya Nabothi haichakai. Mfalme hakutaka kumnyang'anya bure. Alimwahidi shamba lililo jema zaidi, au fedha. Kwa macho ya soko, lilikuwa shauri zuri. Naye Nabothi alikataa, kwa sababu urithi wa baba zake haukuwa kitu cha soko. Dhambi ikaanza pale ambapo kukataa kwake kulihesabiwa kuwa uadui, nao wakubwa wakatafuta njia ya kumwondoa kwa baraza, kwa mashahidi, na kwa muhuri. Na tuangalie sana jambo hili: Nabothi hakuuawa gizani na wezi, bali aliuawa mchana, kwa kikao. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipoeleza amri ya tisa juu ya kutamani nyumba ya jirani, hakuonya juu ya hila tu, bali pia juu ya kuipata nyumba hiyo kwa kuvaa sura ya haki. Alijua kwamba karatasi iliyotiwa sahihi yaweza kufunika mambo ambayo panga lisingeweza kuyafunika.

Katika nchi yetu tumeona jinsi haki ya aliyepo iwezavyo kuumia hata pasipo mtu kukusudia ubaya. Mwaka 2008 ilitangazwa habari ya mji mpya wa Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam. Michoro ilikuwa mizuri. Lakini wakazi walizuiwa kuendeleza mahali pao wakingoja mpango, na miaka ikapita. Mtu aliyetaka kumjengea mwanawe chumba hakuweza, na aliyetaka kuuza hakupata mnunuzi. Hatimaye mpango ule haukutimia kama ulivyochorwa. Nyumba hazikubomolewa zote, lakini maisha ya watu yalisimamishwa. Basi twajifunza kwamba kukawia ni namna ya kuhukumu. Baraza lisilosema ndiyo wala siyo limekwisha kusema neno, tena neno zito.

Mfano mwingine ni ule wa kota za Magomeni, jijini humo humo. Kaya 644 ziliondolewa katika kota za zamani ili pajengwe nyumba mpya, nao wapangaji waliahidiwa ya kuwa watarudi. Kota zikabomolewa, uwanja ukabaki mtupu, na watu wakahangaika miaka mingi wakipanga huku na huko. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliamuru nyumba zijengwe, na Wakala wa Majengo wa Serikali akazijenga. Nazo zilifunguliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi wa Machi mwaka 2022. Twashukuru kwamba ahadi ilitimizwa. Lakini kati ya kubomolewa na kufunguliwa kuna watoto waliomaliza shule, na wazee waliozikwa wakiwa wapangaji wa vyumba vya watu. Ahadi iliyotimizwa baada ya miaka kumi si ahadi ile ile iliyotolewa, maana wengine walioahidiwa hawapo tena kuipokea.

Mpaka hapa kila msomaji anakubaliana nasi. Ni rahisi kumtetea Nabothi, maana kila mmoja wetu hujiona kuwa yeye ndiye Nabothi. Lakini sasa tufike penye ugumu.

Je, haki ya aliyepo ndiyo haki yote? Akisema, "Sitaki nyumba hizo zijengwe karibu nami," neno lake latosha kufunga shauri? Twasema, halitoshi. Nasi wa nchi hii ndio wa kwanza kujua kwamba halitoshi.

Na tukumbuke Tabora ni mji wa namna gani. Burton, yule msafiri Mwingereza, alipofika Kazeh mwezi wa Novemba mwaka 1857, alikuta Waarabu wamekwisha kujenga tembe zao katika nchi ya Wanyanyembe. Kisha walikuja watu wa pwani, wakaja Wamanyema kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Walikuja wapagazi waliougua njiani wakaachwa na misafara yao, wakapona, wakaoa, wakakaa. Wengine hawakuja kwa hiari yao, bali waliletwa na minyororo. Njia hiyo iliyotoka Bagamoyo mpaka Ujiji ilipita katika nchi yetu kutoka Mgunda Mkali, na kila kituo cha njia kikaacha watu wake. Baadaye reli ikaleta makarani, mafundi, na watu wa gengeni. Leo tukienda Gongoni, Kanyenye, au Ng'ambo na kuwauliza watu asili yao, ni wangapi watakaosema kwamba babu zao walizaliwa papo hapo? Kama waliotangulia wangalikuwa na haki ya kufunga mlango, Tabora isingalikuwako, wala wengi wetu tusingalikuwako Tabora.

Wala desturi ya zamani haikuwa ya kufunga mlango. Katika Unyamwezi mgeni aliyekuja kwa amani alionyeshwa mahali pa kujenga. Ardhi ilikuwa nyingi, na mkuu wa kijiji alipata heshima kwa wingi wa watu wake, si kwa upana wa pori lake. Hata lugha yetu yashuhudia. Kujenga ni kuzenga. Na kundi la majirani huitwa nzengo. Maana yake, jirani hakuitwa jirani kwa sababu ya ukoo, wala kwa sababu ya kutangulia, bali kwa sababu amejenga pamoja nasi. Ujirani wetu ulianza na nyumba iliyojengwa. Basi mtu akikataa nyumba isijengwe kwa kuwa mwenye nyumba hiyo bado si jirani yake, amegeuza neno kichwa chini.

Hapo mtu wa busara atatujibu hivi: "Siku zile ardhi ilikuwa nyingi, sasa ni haba. Kisima kimoja hakitoshi watu elfu mbili. Shule ina watoto wengi darasani hata sasa. Je, kumkaribisha mgeni mahali pasipo maji ni upendo?" Neno hili ni la haki, nasi twaliheshimu. Baraza lisilouliza habari za maji, za shule, za zahanati, za njia ya maji ya mvua, na za mahali pa kuzikia, halijafanya kazi yake. Agano la Kale lenyewe lina sheria ya ujenzi: katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mwenye kujenga nyumba mpya ameagizwa kuweka ukuta mdogo kuzunguka dari yake ili mtu asianguke. Twaona kwamba si kila sheria ya kumzuia mjenzi ni uchoyo. Sheria ile yamlinda mtu mwingine, hata mgeni aliyepanda darini kwa siku moja tu.

Lakini ipo namna nyingine ya sheria ya ujenzi, ambayo imevaa vazi lile lile. Tangu siku za Wadachi, na baadaye chini ya Waingereza, mji wa Dar es Salaam uligawanywa mafungu kwa aina ya majengo. Fungu moja lilikuwa la nyumba za namna ya Ulaya, fungu jingine la maduka na majengo ya biashara, na fungu la mwisho la vibanda vya miti na udongo. Chini ya Waingereza sheria hiyo haikusema, "Mwafrika asikae hapa." Ilisema tu nyumba iwe ya aina gani. Lakini kila mtu alijua ni nani awezaye kujenga nyumba ya aina ile na ni nani asiyeweza. Na matokeo yake yakawa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, majina ambayo watu wanayatumia mpaka leo. Wakoloni wameondoka, lakini hila hiyo haikuondoka pamoja nao. Siku hizi twagawa viwanja vya ujazo mdogo, vya ujazo wa kati, na vya ujazo mkubwa. Si vibaya kugawa hivyo. Lakini halmashauri ikipima viwanja vikubwa tu vya wenye fedha, na kusema kwamba yafanya hivyo kwa ajili ya uzuri wa mji, basi imefunga mlango bila kuugusa.

Basi twatambuaje sababu njema na sababu mbaya, ikiwa zote mbili hunena maneno yale yale ya maji, njia na uzuri? Twashauri kipimo kimoja. Mtu anayepinga nyumba za wageni na ajiulize hivi: Sababu hii niisemayo leo, kama angaliambiwa babu yangu siku ile alipofika hapa na mzigo wake kichwani, ningaliiona kuwa ya haki? Kama babu angaliambiwa, "Ngoja, kisima kimekauka, tusaidie kuchimba kingine, kisha ujenge," angalikubali, na sisi twaona ni haki. Lakini kama angaliambiwa, "Watu wa namna yako watashusha heshima ya kijiji chetu," tungaliona ni dharau. Sababu njema yaweza kusemwa mbele ya uso wa yule anayezuiwa. Sababu mbaya hutaka asiwepo.

Na kwa kweli hayupo. Hapo ndipo penye shina la jambo lote. Katika mkutano wa kupima shauri la nyumba mpya, mwenye shamba yupo na uchungu wake, na mwenye fedha yupo na wakili wake. Yule bibi mjane ambaye angepanga chumba katika nyumba hizo, na kijana wa kazi ya reli, na mwalimu mpya wa shule, hao hawapo. Diwani akiwatazama waliomchagua, hawaoni watu hao; kura zao ziko mahali pengine, au bado hazijazaliwa. Ni rahisi sana kuwanyima, maana hawatalia mbele yetu.

Mtu atauliza, "Je, diwani si mjumbe wa waliomchagua? Kwa nini amtumikie asiyemchagua?" Twajibu kwamba ni mjumbe wao katika kusema, lakini si wakala wao katika kumiliki. Sheria ya nchi yenyewe yatangaza kwamba ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, naye Rais ameishika kama mdhamini kwa niaba ya raia wote. Basi kama aliye mkuu kuliko wote si mwenye mali bali mdhamini, diwani atakuwaje mwenye mali? Kila mtu ajua kazi ya msimamizi wa mirathi. Mtoto wa marehemu akiwa mchanga, wala hawezi kusema, msimamizi hapunguzi fungu lake kwa sababu hasemi. Hulilinda zaidi, kwa sababu hiyo hiyo. Wazee waliokaa langoni pa Bethlehemu, katika habari ya Ruthi, walisikiliza shauri la shamba la marehemu, na katika shauri hilo hilo wakamthibitishia mwanamke Mmoabu mahali pake kati yao. Lango la mji lilikuwa mahali pa kuhukumu, tena lilikuwa mahali pa kuingilia. Nao wazee walikuwa walinzi wa lango, wala hawakuwa wenye lango.

Ikiwa mdhamini hana wa kumwuliza, nayo ni hatari. Dodoma, juu ya reli hii hii yetu, ilikuwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu tangu mwaka 1973, iliyopanga mji na kugawa viwanja, pembeni mwa halmashauri ya mji iliyokuwa na madiwani. Malalamiko ya wakazi juu ya viwanja yakawa mengi, na mwezi wa Mei mwaka 2017 Rais Magufuli aliivunja, kazi zake zikapewa halmashauri. Kupanga mji bila masikio huchosha watu. Kwa hiyo hatusemi kwamba baraza liwapuuze wenyeji kwa ajili ya wageni. Twasema liwasikilize wenyeji mpaka mwisho, kisha likumbuke kwamba masikio yamesikia upande mmoja.

Yupo bado mtu ambaye angependa njia ya tatu: asikubali wala asikatae, aliache shauri kabatini, na mambo yaende yenyewe. Na aangalie yaliyotokea mahali ambapo mambo yalijiendea. Mgeni aliyekosa kiwanja kilichopimwa hakurudi kwao. Alikwenda bondeni, akanunua kipande kwa mtu asiye na hati, akajenga usiku. Mwezi wa Desemba mwaka 2011 mvua kubwa ilinyesha Dar es Salaam, mafuriko yakafurika katika bonde la Msimbazi na penginepo, watu wakafa, na wengi wakapoteza kila kitu. Ndipo Serikali ikawapa baadhi yao viwanja Mabwepande, mbali na mji. Kumbe viwanja vingaliweza kupatikana! Vilipatikana baada ya mazishi. Mlango uliofungwa haumrudishi mtu alikotoka, humwelekeza bondeni.

Na yule mwenye fedha na ramani, yeye tumwekeje? Hatumchukii. Asipojenga yeye au Serikali, nyumba hazijengwi kwa maneno. Faida yake ni halali akiipata kwa kazi. Lakini haki yake ni ya mwisho katika mstari, maana yeye ana mahali pengine pa kulala. Mwenye shamba akikosa, amekosa nyumba. Mgeni akikosa, amekosa nyumba. Mwenye fedha akikosa, amekosa faida. Baraza lisichanganye hasara hizi tatu kana kwamba ni za namna moja. Mara nyingi ndizo zinazochanganywa, kwa kuwa yule wa tatu ndiye anayejua kuongea vizuri kuliko wote.

Tukiyakusanya haya, twaona kwamba kuna maovu mawili yanayofanana, ingawa kila moja hulilaumu lenzake. La kwanza ni kuwafungulia wageni mlango kwa kuwasukuma nje waliomo. La pili ni kuwalinda waliomo kwa kuwafungia wageni nje. Katika yote mawili watu fulani wamehesabiwa kuwa si kitu. Baraza lenye haki hukataa yote mawili, hata kama kazi yake yawa ngumu na kikao chawa kirefu.

Basi ndugu walimu na wazee, shauri la namna hii likifika mbele yenu, iwe katika mkutano wa kijiji au katika baraza la madiwani, twawaomba mwulize maneno manne kabla ya kuinua mkono. Kwanza, mtu atakayehama amekwisha kuonyeshwa mahali pa kwenda, na fidia yake imekwisha kupatanwa, au ameahidiwa tu? Pili, katika ramani hiyo kuna viwanja ambavyo mtu wa kipato kidogo aweza kuvipata, au vyote ni vya wenye mali? Tatu, sababu ya kupinga iliyotolewa yaweza kusemwa mbele ya yule anayezuiwa? Nne, jibu litatolewa lini? Lisipowekwa tarehe, shauri hulala, na watu husimamishwa maisha yao.

Tena msiende na kimya. Wengi wetu huona haya kusimama mbele ya wataalamu wenye michoro ya rangi. Mchoro ni karatasi. Ninyi mwajua mahali maji yanapopita masika, na mahali makaburi yalipo, na ni nani anayekaa peke yake pembeni. Semeni hayo. Wenye mashamba wakimaliza kusema, na mwenye fedha akimaliza kusema, na asimame mmoja wenu amsemee yule ambaye hajafika. Hatalijua jina lake, wala yeye hatajua ya kuwa alisemewa. Atakuja tu siku moja, ashuke katika gari la moshi na mzigo wake, aulize njia, na akute kuna mahali.